Maji ya Kupandisha Mlima: Maswali ya Wakazi wa Uwanda wa Makonde

Msafiri atokaye Masasi na kupita Lulindi kuelekea Newala husafiri kwanza katika nchi tambarare, ambamo milima ya mawe imesimama mmoja mmoja kama visiwa baharini. Mjiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt, aliyezunguka kusini mwa Tanzania mwishoni mwa karne ya 19, aliipa milima ya namna hii jina la inselberg, yaani mlima-kisiwa, na jina hilo sasa limo katika vitabu vya jiografia vya dunia nzima. Kisha mbele ya msafiri huinuka ukuta. Huo ni ukingo wa magharibi wa Uwanda wa Makonde. Juu ya ukuta huo kuna mashamba ya mikorosho na mihogo, vijiji vikubwa, shule na miji. Kisichokuwapo ni mto. Maji yako chini ya ukuta, na watu wengi wako juu yake.

Kila mradi mkubwa wa maji uliopata kubuniwa kwa ajili ya Newala na Tandahimba umekuwa ni kushindana na hali hii moja ya maumbile, na kila mradi umewaachia wakazi maswali. Tarehe 6 Juni 2022, huko Chamwino mkoani Dodoma, ilisainiwa mikataba ya miradi ya maji ya miji 28 ya Tanzania Bara na Zanzibar, inayogharimiwa kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India. Mradi wa Makonde ni mmoja kati ya hiyo. Ujenzi wa ukubwa huo huyarudisha maswali ya zamani kwa nguvu mpya. Mkazi wa juu huuliza: je, safari hii maji yatafika, na yakifika yatadumu? Nani atalipia gharama? Mkazi wa chini huuliza: maji haya yakivutwa mchana na usiku kupelekwa mlimani, chemchemi yetu itabaki? Na mwenye shamba ambalo bomba litapita huuliza juu ya mikorosho yake.

Aghalabu maswali ya namna hii huchukuliwa kuwa ni siasa, au kuwa ni ukaidi wa watu wasiopenda maendeleo. Hilo ni kosa. Mengi kati yake ni maswali ya fizikia na jiolojia, na baadhi yake mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuyajibu kwa kalamu na karatasi.

Amri ya mzee wa Mahuta

Mwaka 1906 mtaalamu wa elimu ya makabila kutoka Leipzig, Karl Weule, alifika Masasi na Newala. Miongoni mwa mambo aliyoandikiwa na wenyeji ilikuwamo hadithi ya asili ya Wamakonde. Kwa mujibu wa hadithi hiyo, mtu wa kwanza alitoka katika kichaka cha Mahuta, akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na usiku ikawa mwanamke. Wakashuka Ruvuma kuoga, na huko mtoto wao wa kwanza akazaliwa mfu. Wakavuka hadi bonde la Mbemkuru, na wa pili naye akazaliwa mfu. Waliporudi Mahuta, penye kichaka cha juu, mtoto wa tatu akaishi. Kwa sababu hiyo mzee yule aliwaamuru wanawe wasijenge mabondeni wala kando ya mito mikubwa, kwa kuwa huko ndiko yaliko maradhi na mauti. Nyumba ziwe mbali na maji, angalau mwendo wa saa moja.

Msomaji wa leo atatambua kwamba amri hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mabondeni kuna mbu na malaria, na katika karne ya 19 kichaka kizito cha uwandani kilikuwa pia kinga dhidi ya wavamizi na wateka watumwa. Lakini kila kinga ina gharama yake. Amri ilitolewa na babu. Aliyeitekeleza kila siku, ndoo au mtungi kichwani, alikuwa bibi.

Kwa nini mvua haibaki juu

Si kwamba uwandani hakunyeshi. Katika mwaka wa kawaida mvua hukaribia milimita 1,000, kiasi ambacho mkulima wa Dodoma angekionea wivu. Tatizo ni jinsi ardhi inavyoipokea mvua hiyo.

Uwanda wa Makonde umejengwa kwa matabaka ya mchanga, mawe-mchanga na udongo wa mfinyanzi yaliyolala juu ya miamba ya kale na migumu zaidi. Bornhardt ndiye aliyeyaita Matabaka ya Makonde, na jina hilo linatumika hadi sasa. Uwanda wote umeinama: upande wa pwani ni wa chini, na unapanda polepole kuelekea magharibi hadi kufikia mita zipatazo 900 juu ya usawa wa bahari, kisha unakatika ghafla kwa genge linalotazama Masasi na bonde la Ruvuma. Mvua ikinyesha juu ya mchanga huo haipati nafasi ya kuwa kijito. Huzama. Hupenya mita nyingi kwenda chini mpaka ikutane na tabaka lisilopitisha maji, na hapo husafiri kwa upande, polepole sana, hadi mahali ardhi ilipokatwa na bonde au genge. Hapo hutokea nje kama chemchemi.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani bila gharama. Chukua beseni la plastiki lenye tundu dogo ubavuni, karibu na chini. Tandika udongo wa mfinyanzi mbichi chini, chini kidogo ya tundu, kisha jaza mchanga mkavu hadi juu. Mwagia maji juu ya mchanga kwa kopo lenye vitundu. Kwa muda mrefu hakuna linaloonekana. Uso wa mchanga unabaki mkavu dakika chache tu baada ya kila kumwagia. Kisha tundu linaanza kutoa maji, na huendelea kutoa muda mrefu baada ya "mvua" kukoma. Wanafunzi wakiulizwa wangejenga nyumba wapi ili wawe karibu na maji, wote huonyesha tundu, na hakuna hata mmoja anayeonyesha juu ya mchanga.

Lulindi iko upande wa tundu. Iko pale ambapo nchi ya miamba migumu ya Masasi inakaribiana na mchanga wa uwanda. Wengi huijua kwa hospitali yake ya misheni, alikofanya kazi Dakta Leader Stirling tangu miaka ya 1930, yule aliyekuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Haiko kando ya visima vya Mitema, katika bonde la Kitangari, ambavyo ndivyo vinavyolisha mradi wa Makonde. Lakini kila kijiji kilichoko chini ya genge kina sababu ya kufuatilia yanayotokea huko, kwa kuwa maumbile yanayoleta maji ni yale yale. Upande huu pia maji husafirishwa mbali: miji ya Masasi na Nachingwea hunywa maji ya chanzo cha Mbwinji.

Hesabu ya ndoo moja

Ili kuelewa hofu ya mkazi wa juu, hapana budi kuhesabu kazi, kwa maana ile ya fizikia: nguvu mara umbali.

Na ichukuliwe kwamba tofauti ya kimo kati ya chanzo na kijiji ni mita 300, kadirio la kufaa kwa mahali pengi uwandani. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Kuinua kilo 20 kwa mita 300 kunahitaji jouli 20 × 9.8 × 300, yaani karibu 59,000. Mwanamke mwenye kilo 55 anayeibeba anainua pia mwili wake: jouli nyingine zipatazo 162,000. Jumla ni 221,000. Lakini msuli wa binadamu hugeuza takriban robo au moja ya tano tu ya nishati ya chakula kuwa kazi. Nyingine hupotea kama joto, na ndiyo sababu mbebaji hutoka jasho. Kwa hiyo chakula kinachounguzwa kwa kupanda mara moja ni kama jouli milioni moja, sawa na nishati iliyomo katika gramu 65 hadi 70 za unga wa mahindi. Akipanda mara mbili kwa siku, mwanamke huyo hutumia kiasi cha gramu 130 za unga kwa ajili ya lita 40 za maji, mbali na kushuka, mbali na saa za kungoja kisimani. Katika miezi ya njaa, kabla ya mavuno, hesabu hii si ya mchezo.

Sasa pampu. Mita moja ya ujazo ya maji, yaani ndoo 50, ikiinuliwa mita 300 huhitaji jouli 2,940,000. Uniti moja ya umeme ni jouli 3,600,000. Kama pampu na mota yake kwa pamoja hutumia vizuri asilimia 60 ya umeme zinaopewa, uniti moja hupandisha ndoo zipatazo 36. Pampu haibebi mwili wake mlimani, wala haimbebi mtoto mgongoni.

Kwa hesabu hiyo mradi wa kusukuma maji unaonekana kuwa jambo jepesi. Ugumu uko katika vitu vingine viwili. Cha kwanza ni kanieneo. Kila mita 10 za kimo cha maji huongeza kanieneo sawa na ile ya hewa inayotuzunguka. Bomba linalopanda mita 300 kwa mfululizo hubeba, kwenye sehemu yake ya chini kabisa, kanieneo mara 30 ya hewa. Bomba la plastiki jepesi la bustanini lingepasuka mara moja. Ndiyo maana wahandisi hutumia mabomba ya chuma sehemu za chini, au huigawa safari katika hatua, tangi moja likipokea na pampu ya pili ikisukuma tena.

Cha pili ni kukatika kwa umeme. Maji yanayopanda ndani ya bomba ni mwili mzito unaokwenda. Pampu ikisimama ghafla, maji hayo husimama, hurudi, na kugonga vali iliyo chini. Wahandisi huliita tukio hilo pigo la maji. Kama maji yalikuwa yakienda mita moja kwa sekunde, kusimama ghafla katika bomba la chuma kwaweza kuongeza kanieneo mara 10 ya hewa, juu ya zile 30 zilizokuwapo. Pigo hilo hupita bombani kwa mwendo wa karibu kilomita moja kwa sekunde, likitafuta kiungo dhaifu. Kwa hiyo mkazi anayesema kwamba bomba hupasuka siku ambayo umeme umecheza hasemi ushirikina. Anaeleza fizikia sahihi, na anayo haki ya kuuliza kama mradi umewekewa vifaa vya kupunguza pigo hilo.

Tangu dizeli hadi umeme

Si mara ya kwanza maji kupandishwa Newala. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliunda Shirika la Maji la Makonde, likasukuma maji kutoka mabondeni na kuyauza kwa wananchi. Mashine zilikuwa za dizeli. Baada ya Uhuru, mwaka 1971, Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kuhakikisha kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini anapata maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Vijiji vilivyokusanywa katikati ya miaka ya 1970 viliongeza haja hiyo uwandani, kwa kuwa watu waliokuwa wametawanyika vichakani sasa waliishi mahali pamoja. Wataalamu wa kampuni ya Finnwater ya Finland walikamilisha mwaka 1977 Mpango Mkuu wa Maji wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, na Finland iliendelea kusaidia miradi ya mikoa hiyo kwa miaka mingi.

Katika nchi ya chini, visima vifupi na pampu za mkono vilifaa. Uwandani havikufaa, na sababu yake ni somo lingine la fizikia: pampu ya kuvuta hutegemea kanieneo ya hewa kuyasukuma maji juu, nayo haiwezi kuzidi mita 10 hata katika nadharia, kwa kweli saba hivi. Pampu za mkono zenye fimbo ndefu hufika mbali zaidi, lakini si kina cha uwanda. Hivyo watu wa juu walibaki kutegemea mashine, mafuta na vipuri.

Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973 na tena 1979. Vita vya Kagera vilikula fedha za kigeni, na katika miaka ya 1980 dizeli na vipuri vilikuwa adimu nchini kote. Mashine ya kusukuma maji ikikosa mkanda au bomba la sindano, ilisimama miezi. Mradi uliojengwa kwa fedha nyingi ulikufa kwa kukosa kitu cha bei ndogo. Hapa ndipo penye mzizi wa shaka ya wazee wa uwandani: wamekwisha kuona mabomba mapya, na wamekwisha kuyaona yakiwa makavu.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Gesi asilia ya Mnazi Bay huzalisha umeme mkoani Mtwara kwenyewe, na pampu ya umeme haina haja ya lori la dizeli kupanda genge. Sera ya Maji ya 2002 ilisema waziwazi kwamba watumiaji watachangia gharama za uendeshaji. Hata hivyo swali la nani analipa linahitaji kuulizwa kwa usahihi zaidi kuliko inavyofanyika kwa kawaida. Iwapo theluthi moja ya maji huvuja njiani, ile uniti moja iliyopandisha ndoo 36 sasa huwafikisha watu ndoo 24 tu, na gharama ya umeme wa kila ndoo huongezeka kwa nusu. Kijiji kinachoambiwa kwamba maji ni ghali kwa sababu ya mlima chafaa kiulize pia ni kiasi gani kinapotea baada ya mlima kukwisha kupandwa. Uvujaji wa juu ni umeme unaomwagika mchangani.

Hofu ya watu wa chini

Hoja ya wakazi wa mabondeni husikika kidogo kuliko ile ya wakazi wa juu, pengine kwa sababu mtu mwenye chemchemi haonekani kuwa na shida. Lakini kisayansi hoja yao ndiyo nzito zaidi.

Kisima kirefu kikisukumwa, maji yaliyokizunguka hushuka. Hayashuki sawasawa: hushuka sana karibu na kisima na kidogo mbali nacho, hata uso wa maji ardhini ukawa na umbo la faneli. Visima kadhaa vikikaribiana, faneli zao huungana. Ikiwa ukingo wa faneli utafika kwenye chemchemi au kisima kifupi cha kijiji, maji hapo yatapungua, hata kama kwa jumla bonde lina maji ya kutosha. Tofauti hii kati ya jumla na mahali ndiyo chanzo cha mabishano mengi. Mtaalamu husema bonde lina maji mengi. Mwanakijiji husema kisima chake kimekauka. Nao wote wawili waweza kuwa wanasema kweli.

Mfano wa darasani utaonyesha ukubwa wa mambo. Watu 100,000 wakitumia lita 25 kila mmoja kwa siku, kiwango ambacho sera ya Tanzania imekiweka kwa vijijini, watahitaji mita za ujazo 2,500 kwa siku, au kama 912,000 kwa mwaka. Na ichukuliwe, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba asilimia 5 ya mvua ya milimita 1,000 hufika kwenye maji ya ardhini. Hiyo ni milimita 50, yaani mita za ujazo 50,000 kwa kila kilomita moja ya mraba. Eneo linalohitajika ni kilomita za mraba 18 na ushei. Uwanda ni mkubwa mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa jumla, basi, hofu kwamba uwanda utakauka haina msingi katika mfano huu. Lakini badilisha asilimia 5 iwe 1, na eneo linakuwa kilomita za mraba 91. Jibu lote linategemea tarakimu ambayo haipatikani kwa kukisia ofisini.

Na tarakimu hiyo haibaki ile ile mwaka hadi mwaka. Tanzania yenyewe ina ushahidi wa jambo hili unaojulikana duniani. Visima vya Makutupora, vinavyolisha mji wa Dodoma, vimepimwa kimo cha maji kwa miongo mingi, na mwaka 2013 wanasayansi walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 55. Walichokiona ni kwamba maji ya ardhini hushuka mwaka baada ya mwaka, hata katika miaka ambayo mvua ni ya kawaida, kisha hupanda kwa kishindo katika misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Makutupora ni nchi kame kuliko Makonde, na ardhi yake ni tofauti, kwa hiyo matokeo hayo hayawezi kuhamishwa yalivyo. Lakini yanatosha kuonyesha kwamba upimaji wa miaka miwili kabla ya mradi waweza kuangukia kwenye miaka minono au miaka ya ukame, na ukadanganya pande zote mbili.

Huko Kenya mabishano ya namna hiyo yalifika mbali. Wakati njia ya chini ya ardhi yenye urefu wa kilomita 11.8 ilipochimbwa katika kaunti ya Murang'a ili kupeleka Nairobi maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati, wakazi na viongozi wa kaunti walidai kwamba mito yao itakauka. Wahandisi walijibu kwamba yatachukuliwa maji ya mafuriko tu na kiasi cha kutosha kitaachwa mtoni. Ahadi ya namna hiyo ni nzuri, lakini huthibitika kwa kipimo kilichowekwa mtoni na kusomwa na watu wanaoaminiwa na pande zote. Bila hicho ni neno dhidi ya neno.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 humpa mwananchi wa Tanzania mahali pa kuanzia. Kuchota maji kwa wingi kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Kwa nchi hii ni Bodi ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao Mtwara. Katika kugawa maji, matumizi ya nyumbani hutangulia, kisha mahitaji ya mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo hukataza shughuli zenye kuharibu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Mkazi wa bondeni mara nyingi hukutana na sheria hii ya pili kwanza, anapoambiwa ang'oe migomba yake iliyo karibu na chemchemi. Ni haki aifahamu na ile ya kwanza.

Kuhusu mitaro ya mabomba, neno fupi. Mkorosho huchukua miaka mitatu hivi kuanza kuzaa na mingine mingi kufikia uzazi kamili. Fidia inayohesabu mti kama kuni, au kama mche, haiwezi kumridhisha mwenye shamba, wala haipaswi. Kilicho muhimu ni kwamba miti ihesabiwe na kuandikwa mbele ya mwenyewe kabla ya mtaro kuchimbwa, kwani mti uliokwisha ng'olewa hauna umri.

Kipimo cha kabla

Katika mambo yote hayo kuna kitu kimoja ambacho shule za sekondari za Masasi, Newala na Tandahimba zinaweza kufanya, na ambacho hakuna mkandarasi anayeweza kukinunua baadaye: kupima maji jinsi yalivyo kabla pampu mpya hazijawashwa, na kuendelea kupima.

Kwa chemchemi, ndoo ya lita 20 na saa vinatosha. Maji yote yaelekezwe katika ndoo kwa bomba fupi au gome la mti, na sekunde zihesabiwe hadi ijae. Ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi hutoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku, ambazo kwa kiwango cha lita 25 zingewatosha watu 1,728. Kipimo kirudiwe mara tatu na wastani uandikwe. Kwa kisima, ifungwe kokoto nzito kwenye kamba isiyovutika, mita mbili za mwisho zipakwe chaki, kisha kamba ishushwe hadi kokoto izame. Chaki iliyolowa huonyesha uso wa maji ulipo. Kina kipimwe daima kutoka alama ile ile iliyochorwa kwenye ukingo wa kisima, alfajiri kabla ya mtu wa kwanza kuchota, maana kisima kilichochotwa asubuhi nzima huonyesha uchovu wa asubuhi hiyo tu. Mvua ipimwe kwa kopo lenye ubavu ulionyooka na rula, mahali pasipo mti wala paa. Bila tarakimu za mvua, mtu hawezi kujua kama maji yamepungua kwa sababu ya pampu au kwa sababu ya mbingu.

Kipimo kimoja kwa wiki kinatosha, kikiandikwa katika daftari gumu pamoja na tarehe, saa na jina la aliyepima, na nakala ikabaki ofisi ya kijiji. Darasa linalomaliza shule lilikabidhi linaloingia. Miezi ya kutokosa hata wiki moja ni Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, kwa kuwa wakati huo ndipo maji yanapokuwa chini kuliko wakati wote wa mwaka.